Shaba ya Wanaume, Ardhi ya Wanawake: Nairobi kwa Miguu

Watu wa Nairobi hupeana miadi mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa. "Tupatane Archives," mtu husema kwenye simu, na saa ikifika utaona ukuta wa jengo hilo umeegemewa na watu wengi, kila mmoja akikodolea macho upande wa steji ya Ambassadeur kumtafuta anayemngoja. Jengo ni la mawe, lina nguzo, na lilijengwa mwaka 1906 kuwa benki. Ndani ya mlango wanaoupa mgongo kuna mkusanyiko wa sanaa ya Kiafrika ambao ni vigumu kupata mfano wake katika kanda hii, na vingi vya vitu vilivyomo vilitafutwa, vikanunuliwa na kutunzwa na mtu mmoja pamoja na mkewe.

Naandika makala haya nikimwomba huyo anayengoja aingie. Kisha atoke, atembee. Kutoka mlangoni hapo hadi Uhuru Park, kwa asubuhi moja ya Jumamosi na viatu visivyobana, mtu anaweza kuisoma historia ya Kenya ikiwa imesimamishwa barabarani kwa shaba na kwa jiwe: nani amekumbukwa, nani ameng'olewa, na nani hajawahi kuwekewa sanamu ilhali wengine wote wanasimama juu ya ardhi aliyoilinda. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi katika njia hii.

Tuanze ndani. Ukumbi wa chini umepewa jina la Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine, baba yake mfanyabiashara Mgoa, mama yake Mmaasai. Alipelekwa India kusoma angali mdogo. Aliporudi na kuingia katika harakati za uhuru, jina alilolibeba lilikuwa la upande wa mama. Viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa mwaka 1952, yeye alikuwa miongoni mwa waliobaki kukishikilia chama, kisha akaenda kuishi London kwa miaka. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais kwa miezi michache tu kabla ya kujiuzulu. Rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, alikuwa amepigwa risasi nje ya nyumba yake hapa Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Murumbi hakurudi tena katika siasa. Maisha yaliyobaki aliyatumia kwa vitabu, stempu, vinyago, vitambaa, silaha, mapambo na samani.

Wakati huo wageni wengi waliopita Afrika na pesa mfukoni walikuwa wakiondoka na vinyago vyake. Murumbi na mkewe Sheila walifanya kinyume: walinunua ili vibaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, Murumbi alianzisha African Heritage, nyumba ya sanaa iliyouza na kuonyesha kazi kutoka bara zima, na wachongaji na wafumaji wengi wa Kenya na Uganda walipata soko lao la kwanza la maana kupitia hapo. Miaka ya 1970 hiyohiyo serikali ilinunua sehemu kubwa ya mkusanyiko wake, yakiwemo maelfu ya vitabu adimu vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga. Nia yake ilikuwa nyumba hiyo igeuzwe kituo cha kufundishia na kutafiti mambo ya Afrika. Haikuwa. Nyumba ilibomolewa, na aliishi hadi kuliona hilo kabla ya kufariki mwaka 1990.

Kwa hiyo unapoingia ukumbini, usipite haraka kana kwamba uko kwenye duka la zawadi za watalii. Hivi ndivyo vilivyookoka. Ushauri wangu ni kuchagua aina moja ya kitu, tuseme vinyago vya Afrika Magharibi na ya Kati, ukavitazama hivyo tu, kimoja baada ya kingine, mpaka uanze kuona mahali ambapo mchongaji aliamua kuacha alama ya tezo na mahali alipoamua kusugua hadi mti ukang'aa. Vingine utavirudia siku nyingine. Watoto wa shule huletwa hapa kwa mabasi na kukimbizwa kutoka kabati hadi kabati; laiti wangeachiwa dakika kumi mbele ya kitu kimoja.

Ukitoka, Tom Mboya yuko hatua chache tu. Sanamu yake ndefu ya shaba, kazi ya mchongaji Oshottoe Ondula, ilizinduliwa Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2011. Miguuni mwake kuna ndege heroe. Mahali hapa pana maana: Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara hii, ambayo siku hizo iliitwa Government Road na leo ni Moi Avenue. Wachuuzi wamezoea kumweka jirani. Wanaouza miwani, vifuniko vya simu na njugu hupanga bidhaa kandokando, na waliochoka huketi karibu naye. Mimi naona ni heshima. Sanamu inayoegemewa na watu imo katika maisha yao.

Hao heroe, nami nimewasimulia watoto wa ndugu zangu hivi, wanafaa kwa mtu aliyewarusha vijana. Kuanzia mwaka 1959 Mboya aliandaa safari za ndege zilizowapeleka mamia ya vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani. Septemba 1960 mmoja wa waliopanda ndege hizo alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyekuwa akienda chuo kidogo cha masista huko Kansas. Huyo alikuwa Wangari Maathai. Sasa angalia tarehe. Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na mazishi yake ya kitaifa yalifanyika Uhuru Park mwanzoni mwa Oktoba. Siku zisizofika kumi na tano baadaye nchi ikazindua sanamu ya mtu aliyempa nafasi ya kusoma. Mboya alistahili, tena alicheleweshwa kwa zaidi ya miaka 40. Ila nikisimama mbele yake siwezi kujizuia kumfikiria yule abiria.

Kutoka hapo vuka Moi Avenue uingie Mama Ngina Street. Kwenye njia panda ya Kimathi Street utakutana na Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, bunduki mkononi, sime katika mkono wa pili, nywele zikiwa zimesukwa na msitu. Mchongaji ni Kevin Oduor. Sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza walipomnyonga Kimathi katika gereza la Kamiti. Asiyejua anaweza kudhani imekuwapo tangu uhuru. Ukweli ni kwamba Mau Mau iliendelea kuwa chama haramu kisheria mpaka mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya kujitawala, wazee waliopigana msituni hawakuruhusiwa hata kujiandikisha kama chama cha wapiganaji wa zamani. Ndiyo maana naiona sanamu hii kuwa nzito kuliko kimo chake. Oduor hakumfanya Kimathi mkubwa kupita kiasi. Amemweka juu kiasi cha kukulazimisha uinue kidevu, lakini uso bado unasomeka, na macho hayamtazami mpita njia, yanatazama mbali kama ya mtu anayesikiliza jambo.

Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 akiwa amepita umri wa miaka 90. Naye alifungwa Kamiti, na ndiye aliyemwona mumewe kwa mara ya mwisho usiku wa kuamkia siku ya kunyongwa. Kwa miongo mingi, kila serikali iliyokuja aliiomba jambo lilelile: mifupa ya mumewe, aizike. Alikufa bila kuipata. Nairobi ilimpa mumewe mwili wa shaba, yeye akiwa anatafuta ule wa kweli.

Ukipenda, kengeuka kidogo kuelekea City Hall Way umwone Mzee Jomo Kenyatta katika uwanja wa KICC, ameketi kwenye kiti chake. Kazi hiyo ni ya Mwingereza James Butler, na ni ya mwaka 1973, mwaka ambao mnara wenyewe ulikamilika nyuma yake, ghorofa 28, uliochorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Nimeiona mara nyingi, na kila mara ninachovutiwa nacho ni kule kuketi. Wachongaji wa Ulaya waliwasimamisha magavana na majenerali. Huyu aliketishwa kama mzee wa baraza, na kwa kuketi akapata uzito ambao kusimama kusingempa. Wapiga picha wa uwanjani hapo wana mifano ya kazi zao mkononi na watakuonyesha pembe ambayo mnara wote unaingia kwenye picha pamoja na Mzee. Wanaijua pembe hiyo kuliko mchoraji ramani yeyote. Mpe mmoja wao kazi.

Rudi sasa kwa Kimathi Street hadi Kenyatta Avenue. Barabara hii pana iliitwa Delamere Avenue, na Lord Delamere mwenyewe, kiongozi wa walowezi, alikuwa na sanamu yake hapa, kazi ya Kathleen Scott. Uhuru ulipokuja aling'olewa, na leo sanamu hiyo iko kwenye shamba la ukoo wake huko Soysambu, Elmenteita. Waliobaki barabarani ni wengine: Waafrika watatu wa shaba kwenye mnara wa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, uliosimamishwa mwaka 1928.

Hapa ningeomba msomaji asimame kwa muda mrefu. Mchongaji, James Alexander Stevenson, ndiye aliyetengeneza pia ule Mnara wa Askari ulioko katikati ya Dar es Salaam, wa mwaka 1927, na mwingine wa Mombasa. Mtu wa Dar akifika Nairobi atatambua mkono uleule. Ila askari wa Dar yuko peke yake na bunduki yake imechomekwa singe. Wa Nairobi wako pamoja, na miongoni mwao yumo mchukuzi wa mizigo. Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja wachukuzi hao kwa sifa.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wachukuzi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1914 na 1918, walikaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Waliandikishwa kwa nguvu kutoka vijijini, wakabeba risasi na mahindi kutoka Voi hadi Ruvuma na kuendelea. Mitaa ya Kariokor hapa na Kariakoo kule Dar ilianzia kwenye kambi zao. Kwenye mnara hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake rasmi kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa sawa na Wazungu: Mzungu alipewa kaburi na jina, Mwafrika akapewa mnara wa jumla au asipewe chochote. Mbele ya mnara huu nimewahi kumwona mama mmoja akimwambia mwanawe, "Huyu ni kama guka ya baba yako." Hakuwa anakisia tu, nadhani. Katika nyumba nyingi za Kenya ya kati, ya magharibi na ya pwani yuko mzee aliyekwenda Keya, jeshi la wakoloni, na hakurudi, na hapa ni mahali pa kumwonyesha mtoto.

Kutoka Kenyatta Avenue panda Muindi Mbingu Street. Utapita Msikiti wa Jamia na City Market, ambapo vinyago vya Kisii na vikapu vinapangwa hadi juu. Karibu na soko hilo, mwaka 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wa ukutani, Uhuru B, Swift9 na Bankslave wakiwemo, walichora picha ya mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga aliyekalia kiti juu ya wananchi. Kizazi cha wachoraji wa ukutani wa Nairobi kilitoka hapo kikijua kwamba ukuta unaweza kusema kile ambacho gazeti linasita kukisema. Michoro ya namna hiyo hufutwa, hupakwa juu, huzaliwa mahali pengine. Haihitaji ruhusa ya kuwekwa na haina hakika ya kudumu, na nadhani hiyo ndiyo nguvu yake.

Sasa uko Jeevanjee Gardens, na ni hapa ambapo habari yote ya matembezi haya hunigeukia.

Alibhai Mulla Jeevanjee alitoka Karachi, akafika Mombasa mwaka 1890, akatajirika kwa kandarasi za reli. Ndiye aliyeanzisha gazeti ambalo leo ni The Standard, na mwaka 1910 akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Bustani hii aliitengeneza kwa mali yake akaitoa kwa umma. Mwaka 1906 akaweka humo sanamu ya Malkia Victoria, ikazinduliwa na mwana wa malkia mwenyewe, Duke wa Connaught. Kwa zaidi ya miaka 100 Victoria alisimama pale, mdogo wa umbo, akiwatazama wahubiri wa saa saba mchana, wabishi wa siasa wa Bunge la Mwananchi, na makarani waliolala kwenye nyasi. Mwaka 2015 watu wasiojulikana walimwangusha na kumkata kichwa.

Simlilii. Ninachosema ni hiki: katika njia yote niliyoieleza, sanamu ya mwanamke mwenye jina lake ilikuwa hiyo moja. Mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina kwenye jiwe, katikati ya mji mkuu wa Kenya, alikuwa malkia wa Uingereza ambaye hakukanyaga Kenya hata siku moja.

Na bustani yenyewe ingekuwa imekwisha. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuijenga: maduka na maegesho ya magari. Aliyesimama kuupinga alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Aliandika barua, akakusanya saini, akawaamsha watu waliokuwa wakila chakula cha mchana kwenye nyasi hizo. Wangari Maathai alikuwa pamoja naye. Mpango ukafa. Baadaye Patel aliandika kitabu cha maisha ya babu yake, kilichotoka mwaka 1997, na ndicho kilichowarudishia Wakenya wengi kumbukumbu ya mtu huyo. Leo Jeevanjee ana sanamu yake bustanini. Kwa mjukuu aliyeiokoa, penye mti wa kivuli hapo, hakuna hata benchi lenye jina lake, na mimi ningeanza na benchi.

Mwendo mfupi kwenda juu, upande wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ndipo umati ulipokusanyika tarehe 16 Machi 1922 kudai Harry Thuku, mwanaharakati aliyekamatwa na wakoloni, aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza mbele akawataka wampe suruali zao, na akawa miongoni mwa waliouawa askari walipofyatua risasi, watu wasiopungua 21 kwa hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe. Barabara inayopita pale inaitwa Harry Thuku. Ni jina zuri, na liwepo. Lakini mtu akipita hapo leo hana cha kumwambia kwamba kuna mwanamke aliyekufa kwa ajili ya mwenye barabara.

Rudi Kenyatta Avenue uelekee Uhuru Highway. Pale zinapokutana kuna nyumba ndogo ya mawe yenye kuba, iliyojengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya mkoa. Wakoloni waliandikishia humo vizazi, ndoa na vifo, na umbali wa miji mingine kutoka Nairobi ulipimwa kuanzia hapo. Sasa ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa, na kuanzia miaka ya 2010 imekuwa nyumba ya pili ya mkusanyiko wa Murumbi: kazi za wachongaji na wachoraji wa kisasa wa Afrika, vito, nguo, samani zilizokuwa nyumbani kwake. Vyumba ni vidogo, na huo ndio uzuri wake. Katika Nyaraka za Taifa unaona nchi imerithi nini. Hapa unaona namna mume na mke walivyoishi na vitu hivyo, kiti karibu na kinyago, kitambaa ukutani, kitabu mezani. Keti chini ya kuba dakika chache kabla ya kutoka. Makumbusho makuu ya Museum Hill, yenye picha za makabila ya Kenya alizochora Joy Adamson, ni ya siku yake; usiyabane katika asubuhi hii.

Kuvuka Uhuru Highway kunahitaji subira. Ng'ambo ni Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, na jirani yake Central Park, ambako serikali ya Moi ilijijengea Mnara wa Nyayo mwaka 1988: mkono ulioshika fimbo ukichomoza kutoka Mlima Kenya. Mwaka uliofuata ukaletwa mpango mkubwa zaidi, wa kujenga ndani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60 la gazeti la chama tawala, na mbele yake sanamu kubwa ya Rais. Wangari Maathai aliupinga. Wabunge walimtukana bungeni, ofisi yake ikafukuzwa kutoka jengo la serikali, watu wakaambiwa yeye ni mwanamke aliyeachika asiyejua adabu. Wafadhili walijitoa, uzio ukaondolewa. Nyasi tunazolalia Jumapili zipo kwa sababu yake, na sanamu ambayo ingesimama hapo haikusimama.

Kisha ikaja pembe iitwayo Freedom Corner. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Monica Wamwere akiwa mmoja wao na Wangari akiwa pamoja nao, waliketi hapo na mishumaa na kukataa kula mpaka watoto wao waachiliwe. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa marungu na gesi. Baadhi ya wazee hao wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kijana yeyote aliyelelewa na mama aliielewa. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, karibu tu hapo, wakakaa kwa takriban mwaka mmoja. Watoto wao walitoka jela.

Katika pembe hii, tarehe 12 Septemba 2015, ulizinduliwa ukumbusho wa walioteswa wakati wa ukoloni, uliolipiwa na serikali ya Uingereza baada ya makubaliano ya mwaka 2013 na wazee zaidi ya 5,000 waliodai fidia. Kwangu mimi ndio mchongo bora kabisa katika mji huu. Ni watu wawili: mpiganaji mwenye nywele za msitu, na mwanamke anayempa chakula. Hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso, ili akikamatwa na kuteswa asiweze kumtambua mwenzake. Michongo mingine yote ya njia hii inataka uuone uso. Huu unakuonyesha kwamba kuuficha uso kulikuwa ni ushujaa.

Mmoja wa walalamikaji wakuu wa kesi iliyofungua njia ya makubaliano hayo, Jane Muthoni Mara, alikamatwa akiwa msichana kwa tuhuma ya kuwapelekea Mau Mau chakula. Aliyoyapata kambini aliyaeleza mbele ya mahakama ya London akiwa bibi kizee. Mwanamke wa shaba hana jina, kwa hiyo kila aliyepeleka chakula msituni anaweza kusema ni yeye, na nadhani hapo kukosa jina kunafaa. Lakini kukosa jina kunafaa mara moja. Hakuwezi kuwa kanuni ya mji mzima.

Nina pendekezo, na naliandika kwa matumaini kwamba kuna mtu wa kaunti au wa makumbusho atakayelisoma. Mahali pa sanamu inayofuata ya Nairobi ni Freedom Corner, na iwe ya akina mama wa mwaka 1992, majina yao yote yakiwa yameandikwa. Wachongaji wanawake tunao. Chelenge van Rampelberg na Maggie Otieno ni wawili ambao kazi zao zimeonekana kwa miaka mingi, na wapo vijana walio nyuma yao. Wasiwekwe juu ya msingi mrefu. Walikuwa wameketi chini, na Mzee wa KICC ametuonyesha tangu mwaka 1973 kwamba aliyeketi anaweza kushika uwanja mzima. Waketi kwenye nyasi, kimo cha mtu, na pabaki nafasi kati yao ili mpita njia aweze kuketi nao. Siku ya kuzindua haihitaji kamati kuitafuta. Ni 28 Februari.